Hewa ya Manga Ndani ya Chupa

Manga, Nyamira
Jumapili, tarehe 14 Juni

Mpendwa Baba,

Leo nitakuambia yote, hata yale ambayo Mama amesema niyaache. Nimeketi kwenye kile kiti chako kifupi, nje ya jikoni, na baridi ya Juni imeshuka mpaka kwenye migomba. Barua hii itakufikia huko Kilifi pamoja na kifurushi. Ndani ya kifurushi kuna chupa tupu ya maji iliyofungwa kabisa. Tafadhali usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Mama alitaka nikusimulie kwa simu, lakini kwa simu wewe husema "ndiyo, ndiyo" huku mchanganyiko wa simiti unakungoja, na isitoshe chupa haipiti kwenye simu.

Madam Kerubo, mwalimu wetu wa kemia, ameniomba nakala ya barua hii ili aibandike kwenye ukuta wa maabara. Kwa hivyo kuna watu wengine watakaoisoma. Nimewaeleza hata mambo ambayo wewe unayajua.

Unakumbuka siku uliyomaliza kujenga shimo letu la gesi ya samadi? Nilikuwa Darasa la Sita. Ulikuwa umepiga lipu ya mwisho kwenye kuba, tabaka juu ya tabaka, ukalainisha kwa mgongo wa kijiko kwa sababu mwiko ulikuwa mkubwa mno kwa kona ile. Uliponitoa ndani ulinivuta kwa mikono yote miwili, tukasimama juu ya kuba tukiwa weupe kama mandazi yasiyopikwa. Ukaniambia, "Moraa, humu ndani kutajaa kitu ambacho hatutakiona. Wewe nenda shule, halafu uje uniambie ni nini." Nilicheka. Wewe hukucheka.

Tulipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, na mimi ndiye niliyekuwa nikitafuta mapovu yanayokua. Hakuna hata moja lililokua. Siku ile Mama aliwasha jiko, moto ukawa wa buluu kama maua ya viazi, na jirani walikuja kutazama chai ikichemka bila moshi. Wawili walisema utawajengea nao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo Mama alisema niliache.

Baada ya wewe kwenda Kilifi, moto ulianza kuchoka. Kwanza ukawa wa manjano pembeni, halafu ukawa unaruka na kuzima. Kufikia Aprili, Mama akiwasha kiberiti, jiko lilipumua tu, "fuu," kisha kimya. Alirudi kwa kuni. Ijumaa ndiyo ilikuwa ngumu kuliko siku zote, kwa sababu unajua chakula cha Sabato ni lazima kiwe kimepikwa kabla jua halijatua, na maharagwe yetu hayajui haraka. Mama alikuwa anapuliza kuni zilizolowa huku akitazama jua upande wa Kisii, kana kwamba anaweza kulishika lisitelemke.

Baba Mdogo Nyabuto alikuja Ijumaa moja akamkuta hivyo, macho mekundu kwa moshi. Unajua ndugu yako alivyo. Anakupenda, lakini ulimi wake haujui.

"Shemeji, hili dude la kaka limepasuka huko chini," alisema, akiligonga kwa kisigino. "Gesi yote inaenda kuwalisha minyoo. Mnafuga pumzi nyinyi?"

"Halijapasuka," nilisema.

"Wewe fundi? Wale jirani wawili wamenyamaza kwa nini? Wameona. Kaka alizika simiti, akaenda zake Pwani."

Alisema atalifukia apande nepia, zile nyasi ndefu za kulisha ng'ombe. Alikuwa amekwisha kumwaga lundo la udongo karibu na mdomo wa shimo, sepetu imesimama juu yake. Alitupa muda mpaka Sabato ya pili ya Juni. Ikiwa chakula cha Sabato hiyo kingepikwa kwa kuni tena, Jumapili angeanza kufukia. Hakusema kwa hasira. Alisema mdomo ule wa shimo unaweza kummeza mtoto, na katika hilo hakukosea.

Baba, kilichoniuma ni yale maneno, "limepasuka." Nepia haikuniuma. Nilikuwa nimeona kila tabaka la lipu. Ukuta ule ukipasuka basi hata jina lako limepasuka, na hapa Manga hakuna atakayekuita tena umjengee, na utabaki Kilifi mwaka baada ya mwaka ukijenga matangi ya watu wengine. Ndiyo sababu nilimwendea Madam Kerubo.

Madam ni mwembamba na anaongea polepole kama mtu anayemimina maziwa kwenye chupa. Nilimweleza, akaniuliza, "Wewe unadhani tatizo ni nyumba au ni chakula?" Sikuelewa. Akasema, "Ikiwa kuba limepasuka, hiyo ni nyumba. Ikiwa gesi iko lakini haiwaki, hapo tuangalie kile mnacholilisha. Ilete gesi, tuiulize."

Kwenye chama cha sayansi alitufundisha sheria ambayo haimo hata kwenye mtihani wetu wa Kidato cha Tatu. Nitakuandikia jinsi nilivyoielewa. Ukichukua shinikizo la gesi ukalizidisha kwa ujazo wake, unapata jibu lile lile unalopata ukizidisha idadi ya moli kwa joto lake na kwa namba moja isiyobadilika inayoitwa R. Moli ni namna tu ya kuhesabu chembe, kama vile Mama anavyohesabu ndizi kwa mikungu. Uzuri wa sheria hii, Baba, ni kwamba haijali gesi ni ya aina gani. Chembe nzito na chembe nyepesi zinahesabiwa sawa, kama kanisani mzee wa kanisa anapohesabu waumini: mnene ni mmoja na mwembamba ni mmoja. Kwa hivyo hata gesi ikiwa mchanganyiko, unaweza kujua jumla ya chembe zote bila kuzitenganisha. Kisha ukiipima gesi moja peke yake kwa mizani, unajua ya pili imebaki kiasi gani.

Ndani ya shimo letu mna gesi mbili kubwa. Methani ndiyo inayowaka. Kaboni dayoksaidi haiwaki, na ikizidi inauzima moto wa mwenzake. Swali lilikuwa moja: zimechanganyika kwa kiasi gani?

Tulijaza mtungi wa mafuta wa lita tano kwa maji ya chumvi, kwa sababu maji matupu hunywa kaboni dayoksaidi kidogo kidogo na yangetudanganya. Tukaupindua ndani ya beseni, gesi kutoka kwenye bomba lako ikaingia ikasukuma maji nje mpaka mtungi ukajaa. Bomba lilisukuma vizuri, na hilo peke yake lilinipa moyo. Kisha maabarani tuliisukuma gesi hiyo yote polepole ipite ndani ya chupa ya soda kali, ile ya kutengenezea sabuni. Soda kali humeza kaboni dayoksaidi na kuiacha methani iende zake. Tulipima chupa kabla na baada. Ilikuwa imeongezeka gramu tatu nukta nane.

Nikakaa nikapiga hesabu. Joto la chumba, nyuzi ishirini na mbili, nikaligeuza kuwa Kelvini. Shinikizo la hewa nikalitoa kitabuni, kilopaskali mia moja na moja, nikaondoa sehemu ndogo ya mvuke wa maji kama Madam alivyotuonyesha. Jibu likaja: katika kila chembe mia, arobaini na tatu ni kaboni dayoksaidi, na hamsini na saba ni methani.

Hamsini na saba! Gesi ya hivyo inawaka vizuri kabisa. Nilikimbia na hesabu yangu mpaka nyumbani.

"Mama, gesi yetu ni nzuri!"

Mama alikuwa amepiga magoti mbele ya kuni. Hakugeuka. Alinipa kiberiti tu. Niliwasha jiko. "Fuu," kisha kimya.

"Sema nalo hilo jiko kwa Kiingereza cha shule," alisema, "labda litakuelewa."

Nilirudi kwa Madam nikijiona mdogo. Tulirudia jaribio, likatoa namba ile ile. Rafiki yangu mmoja alisema kipimajoto kimetudanganya, kwa sababu kwenye kabati la maabara kuna boksi zima la vipimajoto vilivyoandikwa MBOVU. Kila mwaka wanafunzi huchemsha maji, kipimajoto husimama kwenye tisini na tatu au zaidi kidogo, hakifiki mia kama kitabu kinavyosema, nacho kinatupwa kwenye boksi. Boksi lilikuwa limejaa.

Madam hakujua habari za boksi hilo. Yeye ni mgeni, alikuwa akifundisha Malindi. Alilimwaga juu ya meza, tukachemsha maji kwenye bika kubwa, tukaviingiza kimoja baada ya kingine. Tisini na tatu na nusu. Tisini na tatu na nusu. Tisini na nne kasoro.

"Moraa," alisema, "vitu vilivyoharibika, huharibika vyote kwa kiasi kile kile?"

Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilisikia sauti yako kwenye simu ya Mama, wiki ile ya kwanza ulipofika Kilifi: "Huku maharagwe yanaiva kabla sijavua buti!" Mama alikujibu kwamba umeanza kutia chumvi kama watu wa Pwani. Kumbe ulikuwa unasema kweli tupu. Huko bahari iko karibu, hewa yote iko juu yenu inawakandamiza, na maji lazima yafike mia ndipo yachemke. Sisi tumekaa juu ya ukingo wa Manga. Hewa iliyo juu yetu ni kidogo. Maji huchemka mapema, yakiwa bado hayajapata moto wa kutosha, na ndiyo maana maharagwe yetu hukaa jikoni kama wageni wasiojua kuaga.

Vipimajoto vilikuwa vizima. Tuliokosea ni sisi, tuliochukua hewa ya kitabu tukaivika Manga.

Madam alinipa jedwali la mvuke. Ukijua maji yamechemka kwenye joto gani, unajua hewa inasukuma kiasi gani. Ilikuwa kilopaskali themanini. Niliiweka themanini mahali pa mia moja na moja, nikaanza upya. Gramu za soda kali hazikubadilika, lakini jumla ya chembe ilipungua, kwa hivyo kaboni dayoksaidi ikawa sehemu kubwa zaidi ya jumla hiyo. Hamsini na tano. Methani ilikuwa arobaini na tano tu.

Ili tusijidanganye tena, tulichukua gesi nyingine, safari hii tukaikusanya ile iliyobaki baada ya soda kali, tukapima ujazo. Zaidi ya nusu ilikuwa imemezwa. Njia zote mbili zilikutana. Sijui kama unaweza kuelewa furaha ya namba mbili zinazokutana, lakini nadhani unaijua. Ni kama ulivyokuwa ukianza ukuta kutoka pande mbili, na tofali la katikati likaingia bila kupigwa.

Nilimpelekea Mama habari.

"Kwa hivyo umeenda shule ukarudi kuniambia gesi ni mbaya," alisema. "Hilo hata sufuria ilikuwa imeniambia."

"Sufuria haikukuambia kwamba simiti ya Baba ni nzima, Mama. Gesi imejaa. Inasukuma. Shida ni mchanganyiko."

Kisha akauliza, kwa sauti nyingine, "Mchanganyiko unaharibika kwa nini?"

Ulipokuwa hapa, ulilisha shimo lile samadi ya ng'ombe na maji, basi. Ulipoondoka, Mama alianza kuongeza ndizi mbivu zisizonunuliwa sokoni Nyamira, na maganda, debe baada ya debe. Hakuna aliyemwambia ni vibaya. Yeye aliwaza hivi: ng'ombe akila maganda ya ndizi anaongeza maziwa, basi na shimo litaongeza gesi. Ni wazo zuri la mkulima, na maganda machache yasingedhuru. Lakini yalikuwa mengi mno, sukari yake ikachacha, shimo likawa chachu. Karatasi ya kupimia asidi iligeuka nyekundu. Vijidudu vinavyotengeneza methani haviishi kwenye uchachu kama huo.

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. "Maskini, nimelipa kiungulia!"

Tukaanza kulitibu. Hakuna ndizi tena. Siku kadhaa hatukulisha chochote, kisha samadi kidogo kidogo na maji, pamoja na majivu ya jikoni yaliyochekechwa, kwa sababu majivu hupunguza uchachu. Kila jioni nilikoroga kwa ule mti wako mrefu wa mkaratusi. Baba Mdogo alipita akasema, "Sasa mnalilisha majivu? Mgonjwa akikataa chakula mnampa vumbi?" Mama akamjibu, "Nyabuto, wewe chunga udongo wako usichukuliwe na mvua."

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Asubuhi, kabla ya shule, niliubeba mtungi wa gesi kwa pikipiki hadi maabarani. Soda kali iliongezeka gramu mbili nukta saba. Nilipiga hesabu kwa hewa yetu wenyewe, themanini. Methani, sitini na moja. Sikukimbia safari hii. Nilikunja karatasi nikaiweka mfukoni, nikasubiri kengele ya mwisho.

Nilipofika nyumbani Baba Mdogo alikuwa ameketi juu ya lundo lake la udongo, mikono juu ya magoti. Nadhani alikuja mapema makusudi ili asiambiwe alikosa kuona. Mama alikuwa ameosha mboga za chinsaga, maharagwe yamelowekwa tangu jana. Kuni hakuwa nazo. Baba, hakuweka hata kijiti kimoja. Aliniamini mpaka nikaogopa.

"Washa," alisema.

Niliwasha. Jiko lilisema "fuu." Kisha halikunyamaza. Moto ulizunguka duara lote, ukasimama, buluu, ule ule wa maua ya viazi. Mama aliweka sufuria juu yake haraka kana kwamba moto ungebadili mawazo.

Maharagwe yalichukua muda wake wa Manga, nami nikamweleza Baba Mdogo kwa nini, kuanzia vipimajoto mpaka buti zako. Aliinama akatazama chini ya sufuria mara kadhaa, kama anayetafuta kuni tulizoficha. Chakula kiliiva, jua bado liko juu ya vilima vya Kisii.

Aliinuka, akachukua sepetu. Nilidhani anaondoka. Akaanza kuuhamisha udongo wake, kuutia kwenye mashina ya migomba yetu, sepetu baada ya sepetu, mpaka Mama akamwambia aache, Sabato inaingia.

"Moraa," alisema akiwa ananawa mikono, "ukimwandikia kaka, mwambie nyufa nilizosema sijaziona." Akajikausha kwenye suruali. "Na umuulize shimo langu atalijenga lini. Lakini asiniambie nilishe majivu."

Jana baada ya ibada walikula kwetu watu wa kujaza mistari miwili ya benchi za kanisa. Mmoja wa wale jirani waliokuwa wamenyamaza aliuliza jikoni, polepole, kama bado unafanya kazi ile. Mama alisema, "Anafanya. Binti yake anaipima." Nilikuwa nimeshika sinia la chinsaga, na nilitoka nje ili nisionekane ninavyotabasamu.

Kwa hivyo, Baba, hili ndilo jibu la lile swali lako la juu ya kuba. Humu ndani mna methani sitini na moja katika mia, na iliyobaki karibu yote ni kaboni dayoksaidi. Imechukua muda kukujibu kwa sababu ilibidi kwanza nijue tunaishi wapi. Madam anasema nikiendelea hivi naweza kusomea kemia chuo kikuu. Sijamwambia mtu mwingine. Ninakuambia wewe, na ukuta wa maabara.

Sasa chupa. Niliifungua nikiwa nimesimama juu ya kuba lako, nikaiacha wazi ijae, nikaifunga kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa imesimama, mviringo, haina hata kibonyeo kimoja. Ndani yake mna hewa ya hapa tu, yenye baridi, moshi mdogo na harufu ya majani ya chai ya jirani. Kwa hesabu yangu, hewa ya Kilifi itaikandamiza, hata ukilihesabu joto la huko, na nusu lita itapungua iwe kama mililita mia nne na kumi. Jaza ndoo maji mpaka pomoni, uizamishe chupa ikiwa bado imefungwa, halafu upime maji yaliyomwagika. Una mikono ya kupima vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua. Ukishamaliza, ifungue karibu na uso wako.

Mama anakusalimu, na ng'ombe wetu pia, maana sasa kila kitu chake kinahitajika. Mungu akulinde kwenye ngazi na majukwaa. Nina karatasi yangu ya hesabu hapa, na nafasi moja nimeiacha wazi kwa ajili ya namba yako, kwa hivyo nijibu na basi la kwanza linalorudi Kisii: chupa imekufikia ikiwa imebonyea, Baba, na kiasi gani?

Binti yako wa kupaka povu,
Moraa